Mpiga Picha wa Ndani na Ndugu Wanne

Kibiti ina wapiga picha wa nje wengi hadi wanakanyagana. Wa ndani alikuwa mmoja.

Wa nje ni vijana wenye simu kubwa na kamera za kukodi. Wanapiga msafara, wanapiga magari, wanapiga bwana harusi akishushwa na wenzake kama mgonjwa. Wa ndani alikuwa mama mtu mzima, mfupi, baibui lake limepauka begani pale unapokaa mkanda wa begi, na kazi yake ilianza pale mlango wa chumba cha bi harusi unapofungwa na wanaume wakaambiwa mwisho hapo. Jina alikuwa nalo, ila sikumbuki kulisikia likitumika. Harusi ikipangwa, watu wakishamaliza habari za mchele na maturubai, lazima shangazi mmoja aulize kama Mpiga Picha wa Ndani ameambiwa. Kama ana kazi siku hiyo, siku inasogezwa.

Mie nilikuwa ng'ambo ya meza ya duka. Duka la mjomba, karibu na stendi: sukari, sabuni, vocha, daftari, na kwenye kona ya kioo, betri. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu mwanga sikuyasoma, niliyapata kwa kumtazama mteja mmoja akichagua betri. Nilimuuzia miaka mingi. Na ndani ya miaka hiyo, siku moja nilimuuzia betri nane za uongo, na kwa sababu yangu picha moja ya harusi ya kijiji cha Salale ikapotea, picha ambayo hakuna mtu anayeweza kuipiga tena. Nalitanguliza hilo ili ukiona nasifia, ujue namsifia mtu niliyemkosea, na ambaye kwa muda mrefu sikujua kama amenisamehe au ananivumilia tu.

Flashi yake haikuwa ile ndogo inayozaliwa na kamera. Ilikuwa ya kupachika juu, kichwa chake kinageuka huku na huku kama cha kuku. Hakuielekeza usoni mwa bi harusi hata siku moja. Aliigeuza itazame dari, mwanga ugonge juu na kurudi chini umepoa. Nyumba isiyo na dari, alimpa shangazi mmoja shuka jeupe alishike kwa juu, na shangazi huyo akawa na kazi kubwa kuliko mshenga. Mwanga wa kuzunguka hivyo unataka nguvu, na nguvu yote hiyo inatoka kwenye betri nne ndogo, saizi ileile ya betri za saa ya ukutani.

Ndiyo maana siku ya kwanza alipokuja kuuliza betri, nilimpa za saa. Alizipokea, akazirudisha mezani polepole, akanitazama kama anayemhurumia mtoto wa jirani.

"Bi Duka, hizi ni za saa. Saa inakunywa kwa kijiko. Flashi inakunywa kwa ndoo."

Tangu siku hiyo nikawa Bi Duka, na mtaani kwetu wapo wanaoniita hivyo mpaka leo.

Kumwona akichagua ilikuwa kama kumwona fundi dhahabu. Pakiti aliigeuza mgongo kwanza, maana alisema usoni kila mtu amepaka poda. Zile betri za kutumia na kutupa alizichukua moja moja, akainua kila moja kidogo juu ya meza na kuidondosha wima. Iliyo nzima inatua pu, kama embe bovu. Iliyokwisha inadunda. Mjomba hakuupenda mchezo huo, akamwambia mama, unanichezea mali. Naye akamjibu bila kuinua macho kwamba mali ya kweli haitikisiki, baba, hebu tuone yako. Betri tatu zikadunda. Mjomba akaenda kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa.

Za kuchaji hakuzidondosha. Hizo alizipima kwenye mizani yetu ya sukari. Alikuja na betri yake moja kuukuu, ganda limechubuka, akiiita shahidi. Ile ilishamfanyia kazi miaka na alijua haisemi uongo. Anaweka shahidi, anasoma, anaitoa, anaweka mpya. Mpya ikiwa sawa au nzito zaidi, anaisogeza upande wake. Ikiwa nyepesi anairudisha upande wangu, na hata kama juu yake imeandikwa namba ya kutisha, hageuki nyuma.

"Namba wanaandika kwa wino," aliniambia. "Uzito hawawezi kuandika."

Kipimo cha mwisho ndicho kilichoniacha mdomo wazi. Flashi ikishatoa mwanga, inalia mluzi mwembamba kama wa mbu, ndiyo inajijaza. Mluzi ukikata na taa ndogo ikawaka mgongoni, iko tayari. Basi yeye alipachika betri nne, akaielekeza flashi kwenye gunia la unga, akabonyeza, halafu akatoa tasbihi mfukoni na kusogeza punje moja moja huku midomo yake ikimtaja Mungu. Betri njema za kuchaji zilifikisha punje tano, tayari. Zile za kutupa, hata zikiwa mpya, zilikwenda punje nane, na baada ya kubonyeza mara nyingi zikawa kumi na mbili, kumi na tano, zinapanda ngazi kama mzee. Mjomba alimuuliza kwa adabu kama si vibaya kupimia betri kwa tasbihi. Akasema angehesabu kwa vidole angekuwa anahesabu tu, hivi angalau anapata na thawabu.

Nikawa nahesabu naye kimoyomoyo. Nakwambia, mteja wa sukari alikuwa anasubiri mpaka tumalize.

Lakini kwa nini haraka yote hiyo? Nilidhani ni maringo ya ufundi, mpaka aliponieleza. Kwetu ndoa inafungwa huko kwa wanaume, kisha bwana harusi analetwa ndani kumpa mkono mkewe. Anaweka kiganja kwenye paji la uso la bi harusi na kusoma dua. Mlango unafunguliwa, ameingia, amekaa, mkono umepanda, mkono umeshuka. Ni punje kumi na mbili, akikawia sana kumi na tano. Betri ya punje tano inakupa picha ya mlangoni, ya mkono, na ya macho yanapokutana. Betri ya punje kumi na tano inakupa mlango.

Wenzake wa siku hizi wana dawa ya hilo. Wanasema bwana harusi hebu toka kidogo uingie tena, bi harusi hebu inama tena. Yeye jambo hilo lilimkasirisha kuliko kuibiwa. Kwenye harusi moja kijijini Mtunda kijana wa video alichomoza kichwa dirishani akiomba mkono urudiwe, kivuli kimeharibu. Walioshuhudia wanasema Mpiga Picha wa Ndani alifunga dirisha lile taratibu, na kichwa cha kijana kikabidi kijiokoe chenyewe.

"Dua haina rudia," alisema. "Ya kwanza ni ya Mungu. Ya pili ni ya kamera."

Betri zake ziliishi kwa familia. Nne zilizonunuliwa pamoja zilipakwa alama ya rangi ya kucha ya aina moja, nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu, na kuanzia hapo zilichajiwa pamoja, zilifanya kazi pamoja na kupumzika pamoja. Aliziita ndugu wanne wa tumbo moja. Ukichanganya mgeni, alisema, mmoja akichoka anawanyonya wenzake, na wote wanne wanakufa siku moja bila mtu kujua nani alianza. Nikamwambia hiyo ni kama familia yetu. Akasema ndiyo, na yeye ameijua familia yetu kabla sijazaliwa. Akaniacha nicheke peke yangu.

Zilipozeeka hakuzitupa. Zilipoanza kufika punje ya nane alizistaafisha: moja kwenye saa ya ukutani nyumbani kwake, moja kwenye redio, nyingine akampa jirani mwenye saa. "Kwangu hafukuzwi mtu, anastaafu." Saa yake ilikwenda vizuri kuliko yeye mwenyewe, maana licha ya hesabu zote za punje, hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Kamera imefungwa tangu jana, betri zimejaa, halafu kandambili moja haionekani. Nyumba nzima inainuliwa kutafuta kandambili.

Alijifunza kwa kuungua, hilo hakulificha. Ujanani aliziweka betri kwenye pochi pamoja na ufunguo na sarafu, akaifunga pochi kiunoni ndani ya kanga. Katikati ya nyimbo za wanawake akaanza kuruka. Wakadhani amepandisha shetani wake, ngoma ikazidishwa. Kumbe ufunguo umegusa ncha mbili na pochi inapika. Alibaki na kovu ubavuni, na tangu hapo betri zilisafiri kwenye kisanduku cha sabuni cha plastiki, moja kichwa juu, moja kichwa chini, kisanduku ndani ya mfuko na mfuko ndani ya chombo chenye mchele mkavu, kwa sababu huko deltani, mto unapoingia baharini, chumvi inaingia hadi ndani ya ndoto. Akirudi, anafuta vyuma vya flashi kwa kifutio cha penseli cha mtoto wa shule, kile nilichomuuzia mimi.

Na jambo la ajabu, deltani ndiko alikokuwa na kazi nyingi, na maji aliyaogopa kuliko paka. Kwenye boti aliketi katikati kabisa, macho amefumba, chombo cha betri amekikumbatia. Mabaharia walimtania kwamba boti ikizama yeye ataelea kwa sababu ya mchele. Aliwaambia wasimsemeshe, ana kazi ya kuogopa.

Kitu kingine. Kila picha aliichapa nakala moja tu, kwa mashine yake ndogo nyumbani, akampa bi harusi mkononi, halafu mbele ya macho yake akafuta kila kitu kwenye kamera. Picha ya ndani inalala ndani, ndiyo ilikuwa sheria yake. Siku moja kijana mmoja alimfuata pale dukani kwetu, akimbembeleza aone japo kidogo jinsi bi harusi wa juzi alivyotoka, bila shungi. Hakumfokea. Alimwambia, "Mama yako pia nilimpiga siku yake. Nikiwa naonesha watu, nianze na yake?" Kijana hadi leo akipita mbele ya duka anatazama upande wa stendi.

Sasa nije kwenye betri zangu nane.

Ilikuwa wiki ya harusi mbili. Ya kwanza Mtunda, ikala ndugu wekundu na ndugu wa bluu wote. Akarudi Kibiti akakuta umeme umekatika tangu jana yake, hakuna pa kuchajia, na kesho asubuhi boti inaondoka bandarini Nyamisati maji yakijaa, kwenda Salale. Boti haimsubiri mtu, maji yakitoka inalala matopeni. Alifika dukani mguu mmoja ndani, bodaboda inanguruma nje. Mjomba alikuwa ameishika mizani anampimia mtu unga.

Na mie, wiki ileile, nilikuwa nimepokea mzigo wa betri za kuchaji kutoka kwa mchuuzi wa jumla aliyekuwa akipita. Za kijani, zinang'aa, zimeandikwa namba kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Nilizipanga mbele kabisa. Nina ndoto moja, nitaisema tu: siku moja nifungue duka langu la vitu vya mwanga peke yake, taa, tochi, betri, ukiingia ndani unafumba macho. Zile za kijani nilishaziona kwenye rafu ya duka hilo.

Akauliza kama zimekuja na chaji. Nikamwambia zimejaa, mama, nimezijaribu mwenyewe, wallahi.

Nilikuwa nimezijaribu kwenye tochi. Tochi iliwaka. Mie nikajua nimejaribu.

Aliitazama mizani, imejaa unga. Bodaboda akapiga honi. Akazichukua nane, familia mbili, bila kupima hata moja. Niliona fahari, Mungu anisamehe. Nilijisemea leo ameniamini.

Siku ya tatu akarudi. Aliweka betri nane mezani zimepangwa mstari, akamtoa shahidi, akaomba mizani. Alipima moja baada ya nyingine na kila moja aliisogeza upande wangu. Zilikuwa nyepesi kama maganda ya korosho. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya dagaa.

Bi harusi wa Salale alilelewa na bibi yake. Bibi yule alikuwa amelala kitandani miezi, haamki, na ndiyo sababu harusi iliwahishwa, ashuhudie. Wakamweka kwenye chumba hichohicho, kitanda chake pembeni ya mkeka. Taa ya sola hafifu, makuti juu, shuka jeupe limeshikwa. Bwana harusi akaingia, flashi ikatoa mwanga mmoja. Halafu ikalia. Ikalia tu. Akafika punje ya kumi, ya ishirini. Akabadilisha ndugu kwa kupapasa, hao wengine wakalia mluzi mwembamba na kunyamaza kabisa. Bwana harusi akapandisha mkono, akaanza dua. Na bibi, ambaye hakuna aliyemtarajia, akainuka kwa kiwiko, akanyoosha mkono wake na kuuweka juu ya mkono wa bwana harusi. Mikono miwili juu ya paji moja.

"Na mie nimesimama na kamera," alisema, "kama mtu aliyeshika tofali."

Mtu mmoja alipokuja kuwasha tochi ya simu, mkono wa bibi ulishashuka. Wakasema bibi aombwe auweke tena, mara moja tu. Mpiga Picha wa Ndani akakataa. Bi harusi alipewa picha moja, ya bwana harusi akiwa mlangoni.

Nilianza kulia hapohapo, nimeinamia gunia la sukari lililo wazi.

"Usililie sukari ya watu," akaniambia. "Kosa ni la wawili. Wewe uliniapia, na mie nikakubali kuapiwa. Betri haiapiwi, Bi Duka. Inapimwa."

Akaondoka. Mwezi haujaisha, wauza kamba wa Salale waliokuja stendi wakaleta habari kwamba bibi yule amefariki.

Angeacha kununua kwangu, ningeelewa. Hakuacha. Alikuja vilevile, akaniamkua kwa utani vilevile, akauliza habari za mama. Na alipima. Betri zile za kijani nilimrudishia mchuuzi zote, nikatafuta za kweli kwa taabu, nikajitengenezea shahidi wangu, nikawa napima kila betri kabla haijapanda kwenye kioo. Nilimpangia ndugu wanne wenye uzito mmoja, nikamfungia kwa uzi. Alisema ahsante, akafungua uzi, akaweka mizani mbele yake na kuanza upya. Kila betri aliyoiweka kwenye mizani niliisikia kama kofi. Miaka ikapita hivyo. Nilijisemea siku atakayochukua bila kupima, ndiyo siku nitakayojua amenisamehe.

Na mimi nikapata mchumba, kijana wa Mtunda, mwenye mikorosho na kicheko kikubwa kuliko mikorosho. Wiki ya harusi nikawekwa ndani, uso umepakwa liwa, mguu hautoki nje. Siku mbili kabla, nikasikia vicheko ukumbini, halafu mlango ukafunguliwa akaingia Mpiga Picha wa Ndani, kachelewa kama kawaida yake, na kichwani amebeba mizani ya mjomba.

Macho yake yalikuwa yameanza ukungu wakati ule. Aliitua mizani kwa kupapasa, akamwaga betri kwenye mkeka, nyingi, kutoka dukani kwetu.

"Bi harusi, chagua. Mkono ni wako."

Nikachagua, na liwa usoni kama mzimu, shangazi zangu wanakufa kwa kucheka. Nilizipima kiganjani, nikamweka shahidi, nikapata ndugu wanne ambao ningewatolea roho. Nikampa. Akazipokea kwa heshima. Halafu akaivuta mizani karibu, akainama mpaka pua ikagusa, na kuanza kupima. Moja. Ya pili.

Nikashindwa. Nikamuuliza, mama, mpaka leo hujanisamehe?

Mkono wake ukasimama hewani, na betri ya tatu ndani yake.

"Kukusamehe? Wewe nilikusamehe boti ya kurudi haijafika Nyamisati." Akanigeukia na macho yale ya ukungu. "Mwanangu, miaka yote hii ulidhani nakupima wewe?"

Liwa ikaanza kufanya mifereji.

"Betri hainijui, haina haya, haina mama," akasema. "Hata ningeizaa mwenyewe ningeipima." Akaiweka ya tatu. Akaiweka ya nne. Akapaka rangi ya kucha nyekundu ya hina, ileile iliyokuwa pale kwa ajili ya vidole vyangu.

Siku yenyewe alikuwa haoni vizuri hata mlango uko wapi. Alipiga kwa masikio. Alimwambia shangazi ashike shuka hapa, akamwambia mama mdogo asogee, akaniwekea kidole kidevuni na kusema nisipepese. Nikasikia hatua za mume wangu, nikaona mwanga, nikasikia mluzi. Nikawa nahesabu. Kiganja chake kikatua kwenye paji langu, kicheko chote kimekwisha. Punje ya pili. Dua ikaanza. Punje ya tatu. Hapo mama yangu akanyoosha mkono wake na kuuweka juu.

Hilo siku hizi linafanyika huku kwetu. Habari ya bibi wa Salale ilizunguka kwa midomo, toka kwa wauza kamba hadi kwa wasuka mikeka, na akina mama wakaanza kuongeza mkono bila mtu kuwaambia. Picha ilipotea, ila mkono haukupotea. Mie nilijua na bado sikutarajia. Mikono miwili, uzito wake, joto lake. Punje ya nne. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa, nikisikiliza mbu yule analia. Ya tano.

Chumba kikawa cheupe.

Harusi yangu ilikuwa miongoni mwa za mwisho. Ukungu ulizidi, binti yake akamchukua akaishi naye Ikwiriri, kamera ikawekwa pembeni. Mwaka huu nikapanda basi kwenda kumwona, na kwenye mkoba nilikuwa na bahasha ya picha yangu. Nilimkuta ukumbini, miguu ameinyoosha, kandambili moja. Nikamwamkua, akaitikia, akaniuliza mtoto anakula, mjomba ameacha kupanga sabuni?

Nikamwambia kuna jambo sikuwahi kumwambia. Ile picha ya mkono, upande wa nyuma kuna kabati la mama lenye kioo. Na ndani ya kioo yumo yeye. Baibui, kiwiko, tasbihi imening'inia kwenye kidole. Mtu asiyekubali kupigwa picha hata ya kitambulisho bila ugomvi, amejipiga mwenyewe, na kamera ilishafutwa, na nakala ni hiyo moja.

Akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Uso unaonekana?"

"Hauonekani, mama. Kile kichwa cha flashi kiko mbele yake. Pale penye uso pana mwanga mtupu."

Akaomba ashike. Akaipitisha picha kwenye vidole, kona hadi kona, kama anayeitafutia uzito. Kisha akanirudishia.

"Basi iache. Ikalale ndani."

Ukutani saa ilikuwa ikienda. Akaniambia mmoja wa wale ndugu wanne wa harusi yangu yumo humo, mwenye hina, amestaafu mwaka jana na hajakosa hata dakika. Tukacheka. Nikainuka kuaga, nikapiga magoti mbele yake kama inavyopasa, naye akanyoosha mkono. Ulinitafuta kidogo hewani, ukagusa shungi, ukashuka, ukatua kwenye paji la uso. Midomo yake ikaanza kwenda.

Hapakuwa na kamera pale. Nikatulia hivyohivyo, sikupepesa.